Nyuzi

Ile geji ya kiwandani ni mwongo mwenye adabu.
Ukiwasha gari inapanda hadi katikati, inakaa hapo
kama karani aliyeshiba,
na giaboksi ikiungua yenyewe haitikisiki.
Ndiyo iliyonilia giaboksi ya kwanza, msimu ule wa korosho,
magunia kumi na manne nyuma,
mshale umetulia tuli,
na chini ya gari hydroliki inachuruzika nyeusi,
inanuka maganda ya korosho motoni.

Sasa ninazo mbili za kwangu.
Fundi Mkwango wa Mtama alizifunga pembeni mwa usukani,
moja ya oili ya injini, moja ya giaboksi,
akasema huku anafuta vidole kwa kipande cha kanga:
"Maji ya rejeta yatakupa salamu.
Habari utaipata kwa oili."

Leo nimebeba maji. Tangi la lita elfu moja
kutoka bondeni, kupeleka Kitangari, msibani.
Saa nane mchana, jua halina huruma na bati.
Sabini na nane.
Barabara inakunja kiwiko, mlima unaanza.
Themanini na tano.
Nazima kiyoyozi. Nashusha gia mwenyewe kwa mkono,
simwachii otomatiki achague,
huyo hurukaruka gia kama mbuzi kichuguuni.
Tisini na sita. Maji nyuma yanapiga ukuta wa tangi,
yanataka kurudi kwao.

Shemeji Liulike, kiti cha kushoto, anacheka:
"Hokororo, unaitazama hiyo saa kama mfungaji saa kumi na mbili kasorobo.
Barabara iko mbele, bwana."

Sikumjibu.
Usiku ule Somoe alikuwa na miaka miwili
na tulimpima kwa kiganja.
Mama yake akaweka, bibi yake akaweka, nami nikaweka.
Wa moto, tukasema. Wa moto kidogo. Si sana.
Viganja vitatu, hakuna hata kimoja chenye namba.
Kulipokucha alikuwa hai, alhamdulillahi,
ila sikio la kushoto halikurudi.
Hadi leo ukimwita kwa upande huo
anageukia upande mwingine, anatabasamu.

Mia na saba.
Joto huhesabiwa kwa nyuzi,
na chochote kinachokatika
hukatika uzi mmoja mmoja, kimya, kabla ya ule mlio.

Mia na kumi na nane.
Naegesha penye kivuli cha mkorosho wa mtu.
"Basi zima!"
"Haizimwi." Naweka gia huru, nakanyaga mafuta kidogo tu,
pampu isukume, hydroliki izunguke ikapoe mbele kwenye feni.
Liulike anatema mate dirishani.

Simu. Sauti ya mjomba:
"Maiti bado haijaoshwa. Uko wapi?"
"Mlimani."
"Gari imekufa?"
"Haijafa. Ndiyo maana nimesimama."

Dakika sita. Mshale unajivuta kama mtu mwenye deni.
Liulike ameshuka, anazunguka gari,
anaweka kiganja kwenye boneti, anakitoa haraka.
"Moto!"
"Kiasi gani?"

Anatazama kiganja chake, nje na ndani,
kama vile kuna mtu amekiandika akakifuta.
Halafu anakuja dirishani kwangu, anaingiza kichwa,
jasho lake linadondokea mkono wangu,
midomo inahesabu vijistari.
"Mia na tisa."
Tunangoja.
"Mia na tatu," anasema,
na sauti yake nayo imeshuka.

Tisini na nne.
Anarudi upande wake, anapanda,
anaufunga mlango taratibu
kama anatoka chumba alicholala mgonjwa.